Rangi Itokanayo na Kiu

Upepo wa kaskazi umekwisha kushika, na kwa sisi tukaao mwambao hii ndiyo miezi ya jasho na ya uhaba wa maji. Mchana wa Februari hapa Dar es Salaam joto hufika nyuzi 32, na usiku haliteremki sana chini ya 25. Mawaridi husinyaa kabla ya adhuhuri. Mitaa mingi hupata maji ya bomba kwa zamu, na penye zamu mwenye nyumba hununua madumu. Katika hali kama hiyo ni haki kabisa kwa msomaji kuuliza kama bustani ya maua inastahili kujadiliwa katika ukurasa wa familia, ilhali kuna nguo za watoto zinazongoja kufuliwa.

Tunaona inastahili, kwa sababu ipo mimea ambayo hupendeza zaidi katika miezi hii hii, na hupendeza kwa sababu ya ukame wenyewe. Tunazungumzia mimea ya majani manene: shubiri, mikonge mwitu, minyaa, mipungate, waridi la jangwa na jamaa zao. Mwenyezi Mungu ameijaalia ghala la maji ndani ya jani au shina lenyewe, na akaipa utaratibu wa kupumua ulio kinyume cha mimea mingine. Mwembe na mchicha hufungua vitundu vya majani yao mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji mengi. Mimea hii ya majani manene hufunga milango yake mchana wa jua kali, ikangoja giza. Usiku ndipo huvuta hewa, ikaihifadhi kwa namna ya asidi. Na kesho yake, milango ikiwa imefungwa, huitoa akiba ile na kuitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Ndiyo maana inaweza kukaa wiki nzima juani bila tone la maji, na isilalamike.

Sasa tuje kwenye rangi, ambayo ndiyo iliyotusukuma kuandika juma hili. Wengi wanaonunua shubiri nyekundu au ya rangi ya machungwa kwa wauza maua wa kando ya barabara hushangaa kuiona imegeuka kijani baada ya miezi miwili nyumbani. Hudhani wamedanganywa. Hawakudanganywa. Mmea ule umekaa barazani kwenye kivuli na umenyweshwa kila jioni kwa mapenzi makubwa, na kwa ajili hiyo hauna tena haja ya rangi. Nyekundu ile ni ngao. Jua linapozidi kiasi ambacho jani linaweza kukitumia, na maji yakapungua, mmea hujitengenezea rangi nyekundu na za machungwa zinazoukinga mwili wake, mithili ya mtu afunguaye mwavuli. Mvua ikirudi, au ukiwekwa uvulini, mwavuli hufungwa na kijani hurejea. Mwenye kutaka rangi, basi, hana budi kuunyima mmea wake baadhi ya raha, kwa kipimo.

Na lugha yenyewe ina lake la kusema hapa. Neno letu shubiri limetokana na Kiarabu, na katika Kiarabu jina la mmea huu na neno sabr, ambalo kwetu limekuwa subira, yamejengwa kwa herufi zile zile tatu: swadi, ba na ra. Waswahili tumeyatenganisha maneno hayo kwa matamshi, lakini tumebaki na uchungu wa moja na malipo ya jingine, kwani hakuna mtoto wa Kiswahili asiyejua kitu kichungu hufananishwa na nini. Mmea huu haukuwa mgeni kwa watu wa zama za mwanzo za Uislamu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Uthman bin Affan (Allah amridhie) kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alielekeza mtu aliye katika ihramu akiumwa macho ayafunge kwa shubiri. Tumelitaja hilo kwa ajili ya historia yake. Mwenye maradhi ya macho leo aende kwa daktari, wala asikate jani la mmea asioujua akajikamulia.

Si kila mmea wa rangi unafaa kila mahali, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ile mimea midogo yenye umbo la waridi, ya rangi ya samawati, zambarau na pinki, ambayo vijana wetu huiona katika picha za simu na kuitamani, wengi wake ni wa jamii ya echeveria, na kwao ni nyanda za juu za Meksiko. Huko mchana kuna jua kali, lakini usiku ni wa baridi, na baridi ile ndiyo inayoiwezesha kupumua vizuri na kukoleza rangi. Mkazi wa Lushoto, Arusha au Nairobi anaweza kuistawisha bila taabu. Mkazi wa Temeke au wa Mombasa akiinunua, aghalabu atakuwa amenunua ua la msimu mmoja: usiku wetu wa joto na unyevu huinyong'onyeza, ikarefuka shingo, ikapoteza rangi, kisha ikaoza. Tungewashauri wasomaji wa pwani wasihangaike nayo. Vivyo hivyo kwa kile kimpungate kidogo chenye kichwa chekundu au cha manjano kama mpira. Kichwa kile hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, kimepandikizwa juu ya shina la mpungate mwingine, na maisha yake hutegemea shina hilo. Ni cha kutazama, si cha kurithisha.

Iliyo bora kwa mwambao ni mimea ambayo kwao kuna joto. Waridi la jangwa, lenye shina nono chini na maua mekundu au ya pinki, ni mwenyeji wa nchi kavu za Afrika na Arabuni, na hufurahia kaskazi. Kimti cha miiba kitokacho Bukini, chenye vimaua vyekundu, vya manjano au vya maziwa, huchanua karibu mwaka mzima katika nyua zetu. Minyaa tunaijua sote kama ua la boma. Ipo aina yake ambayo ncha za vijiti vyake hugeuka rangi ya moto, manjano na chungwa, ikipata jua la kutosha. Mikonge mwitu ina mistari na madoa ya kijani na manjano, na huvumilia hata mwenye nyumba aliyesafiri mwezi mzima.

Lakini iliyo juu ya yote, kwa maoni yetu, ni shubiri moja ambayo wapenda bustani wa Marekani na Ulaya huiita shubiri ya machweo. Jina lake la kitaalamu ni Aloe dorotheae, nalo lilitolewa mwaka 1908 na mtaalamu wa Kijerumani Alwin Berger. Ni ndogo, majani yake yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, yana vidoa vyeupe na vimiba ukingoni. Uvulini huwa ya kijani. Juani, ikiwa na kiu, hugeuka kuanzia manjano hadi chungwa hadi nyekundu ya shaba, na huzaa watoto wengi pembeni hata chungu kikajaa. Inauzwa California, inauzwa Ulaya, na picha zake zimeenea duniani. Na kwao ni wapi? Kwao ni miamba ya Kideleko, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Haijulikani kuota kwa asili katika nchi nyingine yoyote. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini imewekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka mwituni. Mmea uliojaza bustani za watu wa mbali umekaribia kwisha nyumbani kwake, na wengi wa wenyeji wake hawajapata hata kuusikia.

Kwa hiyo tunasema jambo hili kwa msisitizo: asiende mtu Handeni na jembe. Anayeitaka shubiri hii aitafute kwenye vitalu, au aombe mtoto kutoka kwa mwenye nayo, maana chungu kimoja kilichostawi hutoa machipukizi ya kugawia majirani. Shubiri zote duniani, na ni zaidi ya aina 500, zimo katika mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, isipokuwa ile tu ya dawa na vipodozi, Aloe vera, ambayo asili yake ni Arabuni. Anayepewa mmea uliong'olewa mwituni akauza nje ya nchi bila kibali anavunja sheria. Nasi tunaongeza kwamba tumepewa ardhi hii kuwa amana, na mwenye amana hulipa kinachopotea mikononi mwake.

Namna ya kupanda ni nyepesi, na vyombo vyake ni vya bure. Sufuria iliyotoboka, ambayo mama amekataa kuitupa kwa miaka mitatu, sasa imepata kazi: chombo kisicho na tundu chini ni kaburi la mmea huu. Udongo uwe wa kupitisha maji upesi. Sisi hupendelea ndoo moja ya udongo wa bustani kwa ndoo moja ya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, pamoja na nusu ndoo ya kokoto ndogo au vipande vya matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Mchanga wa ufukweni usitumike, una chumvi. Samadi iwe kidogo na iliyokwisha kuoza kabisa, kwa sababu mmea ulioshibishwa hunenepa, hulegea na kuwa kijani.

Mmea uliotoka kwenye kivuli cha muuza maua usitupwe juani siku ya kwanza. Jani halijafungua mwavuli wake, na jua la hapa, ambalo mwanzoni mwa Machi hupita karibu na utosi wetu wakati wa adhuhuri, litaliunguza na kuacha makovu meupe au ya kahawia yasiyofutika. Wiki ya kwanza upewe jua la asubuhi hadi saa tatu, kando ya ukuta wa mashariki. Wiki ya pili hadi saa tano. Baada ya hapo waweza kukaa nje moja kwa moja, na katika wiki chache utaiona rangi ikianzia kwenye ncha za majani na kuteremka.

Tufike kwenye maji. Tuchukulie familia yenye vyungu 20 vya maua ya kawaida, kila kimoja kikidai lita moja kwa siku katika joto hili. Hizo ni lita 140 kwa wiki, yaani madumu saba ya lita 20. Vyungu 20 vya shubiri, kila kimoja kikipewa lita moja kwa wiki, ni dumu moja tu. Madumu sita yaliyobaki ni ya kuogea watoto na kupikia. Imethibiti katika hadithi sahihi kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Mudi hiyo ndiyo takriban posho ya wiki ya chungu kimoja cha wastani. Nasi tulio na bomba wazi wakati wa kutawadha tunajijua tunamwaga mangapi. Tena maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu, yakikingwa kwenye beseni, yanafaa kabisa kwa kazi hii: kwa madhehebu ya Shafii hayafai kutawadhia mara ya pili, lakini yenyewe ni tohara, na mmea hauna neno. Ya sabuni yaepukwe.

Kunywesha kwenyewe kuna adabu yake. Usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Mimina mpaka maji yatoke tunduni chini, kisha acha, mpaka udongo ukauke wote. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini. Kikitoka na udongo uliogandamana, ngoja. Jani lililo jekundu na gumu ni zima. Jani lililojikunja kwa ndani, lililokonda na kukauka ncha, linaomba maji, na hapo ni wajibu kulipa, kwa kuwa tulitaka kulikolea rangi, hatukutaka kuliua. Jani lililolainika, likawa la njano na kama la maji, limenyweshwa mno. Ng'oa mmea mara moja, kata sehemu iliyooza mpaka ufikie nyama safi, uache uvulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndipo uupande upya katika udongo mkavu. Katika nyumba zetu, mmea mmoja ukifa kwa kiu, mingi hufa kwa ukarimu wa namna hii.

Jambo dogo lakini si la kudharau: msiweke visahani chini ya vyungu. Mmea huu hauvihitaji, na maji yakituama humo hulea mbu waenezao homa ya dengi, ambayo wakazi wa Dar es Salaam tuliionja mwaka 2014 na tena 2019. Mkiona vitu vyeupe kama pamba katikati ya majani, hao ni vidung'ata. Wafuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha suuzeni.

Sasa akina baba na akina mama wenye watoto wadogo watusikilize vizuri. Utomvu mweupe wa minyaa, pamoja na ile ya rangi ya moto, huchoma ngozi, na ukiingia machoni huweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa au kumletea madhara makubwa zaidi. Kimti cha miiba cha Bukini nacho kina utomvu wa namna hiyo. Waridi la jangwa ni zuri, lakini utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa Afrika wameipaka kwenye mishale tangu zamani. Mimea hii isiwekwe mahali mtoto atambaapo, wala mbuzi wafikapo. Ikipogolewa, mpogoaji avae glavu na afunike macho, na vijiti vilivyokatwa visiachwe viwe vichezeo. Utomvu ukiingia jichoni, suuzeni kwa maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, kisha hospitali bila kungoja kesho. Hapo hakuna kubana maji. Kwenye nyumba yenye watoto wa chini ya miaka mitano sisi tungepanda shubiri na mkonge mwitu tu, tukaacha hayo mengine mpaka watoto waelewe maneno.

Na hata shubiri si ya kunywewa ovyo. Ule umajimaji wa njano chini ya ganda la jani huendesha tumbo kwa nguvu, na mama mjamzito hapaswi kuutumia. Zipo shubiri za mwituni katika Kenya na Tanzania zenye sumu kali, na kwa macho ya asiyejua hufanana na zile za dawa. Ya chunguni kwa ajili ya rangi ibaki kuwa ya macho.

Macho hayo si yetu peke yetu. Shubiri ikitoa mkonge wake wa maua, mwekundu au wa chungwa, chozi huja asubuhi na mapema kufyonza asali yake, akining'inia na kupiga mbawa mbele ya dirisha. Tumefunzwa kwamba anachokula ndege katika kilichopandwa na Muislamu huandikwa sadaka kwa mpandaji. Basi mwacheni mtoto aliyepewa chungu chake amhesabu huyo chozi.

Masika ikikaribia, katikati ya Machi, vyungu visogezwe chini ya upenu au baraza lenye mwanga, kwa kuwa mvua ya wiki mbili mfululizo huozesha kile ambacho kaskazi nzima haikukiweza. Vilivyopandwa ardhini viwe juu ya tuta la mawe, maji yapite. Rangi itapungua, na kufikia Mei shubiri ya Handeni itakuwa kijani kama nyingine zote. Asifadhaike mtu wala asiongeze mbolea. Kipupwe ndicho wakati mzuri wa kuwatenga watoto wake kutoka kwa mama, kila mmoja na mizizi yake, na kuwapeleka kwa majirani katika makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini. Na jua la Septemba likianza kukaza, wote watafungua miavuli yao upya.